Jamani, jahazi halikuzama

Naanza na hilo kwa sababu simu yangu haijapumzika tangu alfajiri, watu wanauliza habari ya jahazi la baba mkwe nililowapakia kina mama wa harusi jana jioni hapa Amu, yaani Lamu. Jahazi halikuzama. Betri hazikulipuka. Bibi harusi hakupigwa na umeme. Mama mkwe hakuogelea hadi Shela, na anayemjua mama mkwe wangu anajua kwamba yeye haogelei, bahari ndiyo humpisha. Hayo yote yamesambazwa na mtu mmoja mwenye boti la fiba na simu ya kamera nzuri, rafiki yangu tangu tuko madrasa, ambaye jina simtaji kwa kuwa mimi namdai pesa kidogo na yeye tangu jana ananidai nyingi.

Ile video mmeiona. Ni kiza kitupu, mtu anacheka mpaka anakohoa, kisha inasikika sauti yangu: "Usimulike huku, bwana, kuna wakwe." Basi. Kwa sekunde hizo tu watu wa Malindi wameshakaa matanga. Ndugu mmoja kanitumia dua ya waliofikwa na ajali ya majini. Namshukuru, ila sote tu wazima, na katika waliokuwemo ni mimi peke yangu niliyetamani kuzama.

Sasa sikieni kwa mwenyewe, halafu mcheke kwa ushahidi.

Wanaolifahamu jahazi la baba mkwe wanazikumbuka betri zake. Tatu, za asidi, za ampea-saa 100 kila moja, ndicho kipimo cha umeme inaobeba, na kila moja kilo 30 hivi. Zilikaa chini ya benchi la kushoto karibu na tezi, huko nyuma. Leo zataka maji, kesho zimeota ukoga wa kijani vichwani, na joto la Machi likiingia zanuka mayai viza. Lakini zilikuwa na heshima zao. Zikikaribia kwisha, taa zinafifia pole pole, muziki unaanza kukokota maneno, friji inagugumia. Baba mkwe alikuwa hatazami mita wala nini. Akitazama taa tu, anasema, "Haya, ng'oeni nanga." Chombo kizima kiliendeshwa kwa utaratibu huo na hakuna aliyewahi kulala baharini.

Mimi nikaona ni ushamba.

Usiku nikawa naangalia video za Wazungu na mashua zao. Lithiamu, lithiamu, lithiamu. Na si ile ya simu inayovimba na kushika moto. Hii ni ya chuma na fosfeti, tulivu zaidi, seli 4 za volti 3.2 zimefungwa mfululizo, jumla 12.8. Betri ya asidi ukitaka ikukalie usiishushe chini ya nusu. Hii unaitumia karibu yote, na unaichaji mara 2,000 na zaidi kabla haijachoka. Nikapiga hesabu juu ya karatasi ya mkate wa mofa: asidi tatu, ukitoa nusu, unabaki na ampea-saa 150. Lithiamu mbili za 100, ukitumia asilimia 80, ni 160. Mbili zinaishinda tatu! Kilo 90 zinakuwa 22! Nani angelala?

Zile za majina makubwa bei yake unauza punda na mtoto wake. Nikampata muuzaji mtandaoni, Nairobi, anazo za karibu nusu ya bei hiyo. Hazina jina, zina mchoro wa jani la kijani. Nikamuuliza zitafaa jahazini. Akanijibu kwa sauti: "Bro, unatoa ya zamani, unaweka mpya, umemaliza."

Kumaliza tulimaliza.

Mokowe, ng'ambo bara, kuna fundi mmoja wa mashine, mtu wa maneno mengi, nikapita kwake kwa adabu tu. Akaniambia mambo matatu. La kwanza, alternata, ile inayozungushwa na mashine ikazalisha umeme, usiifunge moja kwa moja kwenye lithiamu, itaungua. Ya asidi kadiri inavyojaa ndivyo inavyopunguza kupokea, alternata ikapata kupumua. Lithiamu ni kama watoto wa madrasa waliofunuliwa sinia la pilau siku ya Maulidi: inachukua kila kinachokuja mpaka mwisho. Na mashine ikienda pole pole, alternata haipati hata upepo wa kujipoza. Weka chaja ya katikati, akasema, ya kupunguza umeme unaopita. La pili, mita ya volti itakudanganya, tafuta shunti inayohesabu ampea zinazoingia na zinazotoka. La tatu, bakisha betri moja ya asidi kwa ajili ya stata, ya kuwashia mashine.

Nikamuuliza chaja ya katikati ni bei gani. Akataja. Na shunti? Akataja. Nikamwambia, fundi, Mwenyezi Mungu akuzidishie, nikapanda boti nikarudi zangu Amu.

Lithiamu ziliposhuka gatini, punda wa mizigo akapakiwa zote mbili kwa mpigo. Mwenyewe akamwambia twende. Punda akasimama. Akageuza shingo akatazama mgongoni, akageuza upande wa pili akatazama tena, ndipo akaanza kutembea kuelekea Shela, mwendo wa kutoamini. Zile za asidi nikaziuza siku ile ile kabla baba mkwe hajarudi kutoka Kizingitini. Mbili zilikwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu, kwa kilo. Ya tatu, iliyokuwa na afadhali, akaichukua rafiki yangu wa fiba kwa bei ya kirafiki, yaani hajalipa.

Aliyezifunga ni Injinia. Injinia ni dogo wetu wa kazi. Cheo alikipata baada ya kuitengeneza feni ya nyumba moja ya jirani ikakubali kuzunguka, ijapokuwa kinyume. Akafunga waya, akabana, akapangusa mikono, na alipopanda ufukoni jahazi likawa limeegemea kulia. Kilo 68 zimetoka upande mmoja na farumi, ule uzito wa kusawazisha chombo, hatukuigusa. Mzee mmoja nahodha wa zamani akapita na mkongojo wake, akasimama.

"Mbona chombo chako chaegemea?"

"Ni upepo, ami."

Akatazama bendera ya chombo cha jirani. Imelala kwenye mlingoti. "Upepo," akasema, akaenda zake.

Tuje kwenye mita, maana jina langu jipya limetoka huko. Mita yetu iko karibu na usukani, namba nyekundu. Betri ya asidi iliyojaa na kutulia husoma 12.7 hivi, ikifika 12.2 iko nusu, ikigusa 12 watu huanza kutafuta tochi. Hizi mpya zilisoma 13.1. Hazijachajiwa! Zimetoka kwenye boksi! Nikawasha taa zote: 13.1. Nikawasha friji: 13.1. Nikaenda Mkunguni, nikawakuta wazee na kahawa yao, nikawahutubia kwa kirefu habari ya betri isiyoshuka. Mmoja akaniuliza kama inashushwa na nini. Nikamwambia, mzee wangu, haishushwi.

Inashuka. Msiniandikie tena, najua, inashuka. Volti ya lithiamu hiyo hukaa pale pale kwenye 13, imejaa ni hapo, imefika nusu ni hapo, imebaki robo ni hapo hapo au chini kidogo tu, kisha ikifika ukingoni huanguka yote kwa pamoja. Na kwenye maboksi husafirishwa zikiwa na kama nusu ya chaji. Haya nimeelezwa leo na watu wengi mno, bila kuwauliza, akiwemo mvuvi wa kamba ambaye sijapata kumwona maishani.

Haya. Harusi ya shemeji yangu. Fungate imekwisha, kina mama wakasema wapelekwe Ras Kitau, ng'ambo ya Shela, jioni wakapunge upepo, na taa, na taarabu, na soda baridi. Wakaja: mama mkwe, shangazi za mke wangu, mabinamu, mke wangu mwenyewe, bibi harusi na hina yake mpaka viwikoni. Wakaja na viazi karai, kaimati, mahamri, chetezo, spika kubwa ya harusini pamoja na kipaza sauti chake, na shangazi mkubwa akaja na birika lake la umeme, kwa kuwa chai iliyochemshwa kwa mkono wa mwengine haimwingii.

Tukafunga turubali watu wajistiri, likafunika paneli ya sola. Injinia akaleta taa za kamba za rangi rangi, akazizungusha kwenye foromali, ule mti wa tanga, pamoja na tanga lenyewe lililokunjwa, mzunguko juu ya mzunguko, akazibana kwa vile vikamba vya plastiki vya mafundi wa umeme ambavyo ukivuta havirudi nyuma. Alivibana kila dhiraa. Nikamsifu sana. Nikapiga picha nikaiweka hapa, na zile "mashallah" zenu ninazo bado, msije mkazifuta.

Mashine yetu ni ndogo, ya silinda mbili. Nikabonyeza kitufe ikawaka mara moja. Tukenda mdogo mdogo kina mama wasirushiwe maji.

Katikati ya mkondo nikasikia harufu.

Sasa huko omo, mbele ya chombo, kulikuwa na shangazi anamfukiza bibi harusi udi, udi wa kweli, wa kununuliwa kwa kupimwa. Moshi unapita chini ya turubali unakuja mpaka tezi. Nikavuta pumzi. Udi ulikuwamo. Lakini ndani ya udi kulikuwa na kitu chengine: vanishi, mpira, waya. Nikamtazama Injinia. Injinia naye kafumba macho anavuta pumzi.

"Udi wa wapi huu?" akaniuliza.

"Wa Dubai."

Huko mbele nikamsikia shangazi mmoja akimwambia mwenziwe, "Udi wa yeo mkali." Mwenziwe akasema ndiyo, mkali, mashallah. Kila mtu alikuwa na adabu kupita kiasi, hakuna aliyetaka kuusema udi wa mtu. Hivyo ndivyo alternata yetu ilivyokufa, imestiriwa na kufukizwa.

Tukatia nanga Ras Kitau maji yamejaa. Mwezi haujaandama, kwa hiyo ni bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana, na kiza chake kinakuja. Nikazima mashine. Jua likatua, watu wakasali, taa zikawashwa, na nawaambia ukweli, chombo kilipendeza. Ng'ambo Shela watu walisimama ufukoni kututazama. Friji inafanya kazi. Feni zinafanya kazi. Spika inafanya kazi. Kila mwenye simu kaichomeka kwenye inveta, ile inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Na birika la shangazi, wati 2,000, ampea 150 na zaidi kila likiwashwa, linachemka, linamiminwa, linajazwa, linachemka. Mimi nikitupa jicho kwenye mita: 13.0. Nikajiona waziri wa kawi.

Hapa naomba nende pole pole, kwa sababu rafiki yangu wakati huu hakuwepo, na ndio anaousimulia kwa kirefu zaidi.

Ilikuwa baada ya isha. Mama mkwe amekaa kwenye mto wake, kikombe mkononi. Si mtu wa maneno. Akatazama taa zilizo juu, akatazama feni, akasema kwa sauti ya chini, "Baba yenu saa hizi angekuwa keshaturudisha."

Jamani, ile ilikuwa sifa. Tangu nimeoa nyumba ile sijapata sifa, nilipata kuambiwa mara moja kwamba samaki si mbaya. Damu ikanipanda. Kipaza sauti kilikuwa hapo karibu na hakukuwa na haja nacho, ungeweza kunong'ona omo ukasikika tezi, lakini nikakishika. Nikapanda juu ya kifuniko cha mashine. Taarabu ikapunguzwa. Bibi harusi akageuka kutazama. Mke wangu akanifanyia ishara ya jicho ambayo wenye ndoa wanaijua, maana yake shuka.

"Mama," nikasema, na sauti ikaenda mpaka mikokoni ikarudi, "hayo yalikuwa mambo ya zamani. Siku hizi ni elimu. Tazama mita ile."

Vichwa vyote vikageukia zile namba nyekundu. 12.9.

"Betri za baba zikijaa kabisa, kabisa, ni 12.7. Hizi zinafanya kazi tangu alasiri na bado ziko juu ya iliyojaa. Kumi na mbili nukta tisa! Mama, betri hizi haziishi..."

Nataka muelewe jambo moja. Haikufifia. Hakukuwa na dalili, hakukuwa na kikohozi. Kwanza niliisikia friji. Sikuwa najua kwamba friji ile ina sauti mpaka iliponyamaza. Halafu mapanga ya feni, yakazunguka kidogo kwa mazoea, yakasimama. Taa zilikuwa zimeshaondoka, zote, za rangi, za chini ya turubali, ya mlingotini, na zile namba nyekundu nilizokuwa nimezinyoshea kidole. Kidole kikabaki kimenyoshewa kiza. Mwimbaji alikatwa kwenye "ma", na mpaka sasa sijui alikuwa anakwenda kwenye mapenzi au mateso.

Ulimi nao una mwendo wake. Sentensi ilikuwa imeshaanza. Bila kipaza sauti, ndani ya kiza, sauti yangu mwenyewe, kumbe nyembamba, ikamalizia:

"...kabisa."

Kimya. Maji yanagonga ubavu. Mtu akarudisha kikombe kwenye kisahani, nikakisikia kikikaa. Kisha shangazi mkubwa, mwenye birika, kwa upole uliozidi tusi, akasema:

"Zimekwisha, mwanangu."

Mnadhani walicheka? Wangecheka ingekuwa afadhali. Walinistahi. Nilikuwa nayasikia mabuibui yakitikisika.

Nikashuka kwenye kifuniko cha mashine kwa hesabu ya kichwani, mguu ukaingia kwenye sahani ya viazi karai, na ukwaju wake. Nikabonyeza stata. Betri ya asidi hata ikiwa mahututi hukupa chochote, "tk", "tk tk", ujue inajaribu. Hii, hata pumzi. Ndani yake kuna kijibodi cha ulinzi. Kikiona seli zimeshuka mno hukata kila kitu, ukipima vichwani unasoma sufuri. Kiamke, kinataka chaja. Chaja yetu ni alternata. Alternata ikiwa hai inataka mashine izunguke. Mashine inataka stata. Stata inataka betri. Mimi na Injinia tukawa tunayapanga haya kwa vidole kwenye mwanga wa simu, tunazunguka, tunarudi pale pale, mpaka Injinia akagusa alternata akaurudisha mkono kwa haraka, akanusa vidole, akanitazama.

"Wa Dubai," akasema.

Simu ikalia. Baba mkwe. Kumbe amekaa barazani ng'ambo, Shela, anatutazama tangu magharibi.

"Mu wapi?"

"Ras Kitau, baba."

"Nilikuwa naona taa. Sasa naona kiza."

"Tumezipumzisha, baba. Watu waone nyota."

Akanyamaza muda mrefu. Nikawasikia watu nyuma yake wakiulizana kama kimezama. Hapo ndipo uvumi wenu ulipozaliwa, msimsingizie mwengine.

"Nyota," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Na maji wayaona?"

Maji sikuwa nimeyatazama. Bamvua hapa kwetu hushusha zaidi ya mita 3, na yalikuwa yameshageuka zamani, yanakwenda zake kwa haraka, na sisi tumetia nanga pembeni ya fungu la mchanga ili kina mama wapate utulivu.

"Pandisha tanga," akasema, akakata.

Tanga. Ah, tanga. Lile lililofungwa kwa taa za rangi, mzunguko juu ya mzunguko, kila dhiraa kikamba kisichorudi nyuma.

Injinia akapanda na kisu cha kukatia tikiti. Chini yake mabinamu wanammulika kwa simu zilizobaki na chaji. Kila kikamba kikikatika, kitaa kinaanguka juu ya turubali: tap. Anasogea. Tap. Hakuna aliyesema neno. Tap. Shangazi wa pili akauliza kwani zile taa zilikuwa za kukodi. Nikasema si za kukodi. Zilikuwa za kukodi.

Kabla hajafika nusu nikausikia mkuku, uti wa chini wa chombo, ukigusa fungu. Hakukuwa na kishindo, ni mguno tu, chini ya nyayo. Tukasubiri. Halafu chombo, ambacho tangu wiki ile kilikuwa na mapenzi yake na upande wa kulia, kikaamua. Kaimati ndizo zilizotangulia, moja moja, nikizisikia zikipita. Zikafuata soda. Birika likateremka na waya wake nyuma. Mwisho akaja shangazi mkubwa mwenyewe, na mto wake, taratibu, amekaa vile vile, mpaka akanifikia akanishika bega.

"Tumepwelewa," akaniarifu.

Yaliyobaki nayakimbiza. Mke wangu akampigia rafiki yangu. Rafiki akaja na fiba lake anacheka tangu katikati ya mkondo, video mmeiona. Akawavusha kwa mafungu, wakikanyaga maji ya magoti mpaka kwenye boti. Nikamwinamia mama mkwe nimpeleke mgongoni asirowe. Akanitazama, akamwita Injinia. Mimi nikabaki na jahazi, nimelala kwenye pembe ya ubao na ukuta. Maji yakarudi kabla ya alfajiri, rafiki naye akarudi, na betri. Nikaitambua kwa ile alama ya rangi nyekundu niliyoipaka mimi mwenyewe. Betri yangu, ambayo hajailipia, akanikodisha. Tukaifunga kwenye stata, tk, tk tk, mashine ikawaka, sikupata kusikia sauti nzuri namna ile.

Leo Shela nzima naitwa Nukta Tisa. Muuza samaki kaniambia kilo ni mia tano nukta tisa. Nikamwandikia muuzaji wa Nairobi kwa hasira, ukurasa mzima. Akajibu kwa sauti, sekunde 4: "Bro, kwani hukuweka shunti?"

Baba mkwe alikuja mchana. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kila kitu isipokuwa alichokifanya. Akafungua benchi, akaingiza mkono, akainyanyua lithiamu moja kwa mkono mmoja, mtu wa umri wake, akaipima pima hewani. "Nyepesi," akasema. Akaishusha, akainyanyua ya pili. "Hizi hazina neno." Kisha akatoa karatasi mfukoni. Kumbe alishampigia yule fundi wa Mokowe: chaja ya katikati, shunti, betri ya asidi ya stata, kusukwa upya kwa alternata, na mchanga magunia mawili upande wa kushoto. Chini kabisa, kwa mwandiko wake mzuri, jina langu na neno "atalipa".

Kwa hiyo tangazo. Taa za kamba za rangi, ndefu, zimekatwa katwa kidogo, zinauzwa baada ya mwenye nazo kukataa kuzipokea. Rafiki yangu ametaja bei ya kuniuzia betri yangu, nami nimemtajia deni lake, na mazungumzo yanaendelea kupitia kwa wake zetu. Mwenye harusi mwezi huu aje inboksi. Zinawaka vizuri sana, zikipata betri.